Mimi Ndiye Niliyesema Twende

Jeddah, mtaa wa Al-Hamra
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Kaka Mwenda,

Kabla hujasoma mstari wa pili, toka nje. Usiisomee barua hii jikoni mbele ya mama, maana uso utakubadilika naye atakuuliza, na wewe tangu utotoni hujui kumficha mama kitu. Nenda ukakae kule kwa zizi, washa ile sigara unayotuambia uliacha, halafu uendelee.

Haya. Habari za hapo? Presha ya mama imeshuka? Shemeji anaendeleaje na mtoto? Niliposikia ni msichana na mmempa jina la mama nilijipigia makofi peke yangu ndani ya gari, mpaka askari wa trafiki akanikazia macho. Na magoti yako? Mlima bado unakulisha? Mimi mwili ni mzima, nakula, usingizi napata kiasi. Lakini nisikudanganye tena, ndugu yangu, nina hofu. Nina hofu ya namna ambayo sijawahi kuwa nayo, hata ile siku mbogo alitufukuza msituni tukatupa mizigo na kupanda mti mmoja sisi wawili. Mbogo angalau unamwona.

Ningekupigia simu, ila nakujua. Ungesikia neno la kwanza ukaanza kunifokea, na vocha ingeisha kabla sijafika katikati. Kuna dada wa upande wa Chuka, mfanyakazi wa ndani nyumba ya tatu kutoka hapa. Mkataba wake umeisha, anarudi nyumbani kesho asubuhi, na ameahidi kuifikisha hii mpaka dukani kwa shangazi. Kwa hiyo nisome mpaka mwisho kwanza, kisha ufoke.

Naanza na kosa lenyewe, maana njia ya mwongo ni fupi na mimi nimefika mwisho wake. Unakumbuka zile barua zako za sifa? Zile wageni walizokuandikia baada ya kuwafikisha kilele cha Lenana, zilizokuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Nilikuja nikakuambia naomba nizipige fotokopi, eti nipate kazi pale geti la mbuga. Hakukuwa na kazi ya geti. Ejenti wa Nairobi alikuwa ameniambia kuna familia ya Riyadh inatafuta dereva, lakini si dereva hivi hivi. Wana kijana anayependa kupanda milima, wanataka dereva anayejua mlima ili afuatane naye. Leseni ya gari nilikuwa nayo. Mlima nao, si nimeupanda mara nyingi mpaka nimesahau idadi? Lakini nimeupanda na sufuria mgongoni, Mwenda. Wewe ulikuwa mbele na kamba, mimi nyuma na unga na mayai. Barua zenyewe zinasema tu "Bwana Murithi", jina la marehemu mzee, na sisi sote ni Murithi. Sikubadilisha hata herufi moja. Nilizipeleka, nikanyamaza, nikajiambia si wizi, ni jina la baba yangu. Nilijiona mjanja kweli.

Familia yenyewe ni watu wazuri, siwezi kuwasingizia. Nyumba yao iko Al-Suwaidi, Riyadh. Baba mwenye nyumba ndiye kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, anauza vigae, ni mtu wa mzaha mwingi. Madam namwendesha kila siku, kwa dada yake, kwa daktari wa macho, sokoni. Anakaa nyuma, na maneno yake kwangu ni kulia, kushoto, yalla, na halas simama hapa. Kijana wao anaitwa Faisal, ana miaka ishirini na nne, mtoto wa kiume wa pekee. Chumba chake kimejaa kamba, mashoka ya barafu, na yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, vyote vipya vinang'aa, vya mtu aliyeuona mlima kwenye televisheni zaidi ya kwa macho. Wiki yangu ya kwanza tu alinipeleka kwenye majabali nje ya mji, akanipa kamba akasema nimfunge. Nikamfunga lile fundo letu la kufungia mtungi wa gesi kwa mgongo wa mpagazi. Akaliangalia, akatabasamu, akauliza, "Hii ndiyo ya Kenya?" Nikamwambia ndiyo. Akalifungua akafunga lake, kimya kimya. Nikashusha pumzi, nikaona nimepita mtihani.

Baada ya hapo tulizunguka majabali hayo miaka miwili na zaidi, nikimshikia kamba na kumpikia chai. Hakuna kilichoharibika, na mimi nikazoea kuitwa mtu wa mlima. Mwezi wa kwanza mwaka huu akanipeleka nchi inaitwa Georgia. Ukiwa na ikama, kile kibali cha kuishi Saudia, wanakuingiza bila taabu. Baba alinitolea kibali cha kutoka na kurudi, na pasi yangu Faisal akaibeba mfukoni mwake. Kaka, theluji! Sisi tulidhani tunaijua theluji. Yetu ni ya kunyunyiza tu, kama sukari juu ya andazi. Kule imelala mlima mzima, imemeza mawe na vichaka, na vijijini unaona mapaa tu. Baridi inakuingia mpaka kwenye meno. Nilivaa kila nguo niliyopewa na bado nilikuwa natetemeka nikiwa nimekaa.

Kulikuwa na kiongozi wa pale, mtu wa makamo anaitwa Zaza, ambaye Faisal alimwajiri atupeleke. Asubuhi ya siku ya tatu tukafika chini ya mteremko mmoja mpana, mweupe, mzuri wa kutazama, tuuvuke twende upande wa pili. Zaza akasimama. Akatoa koleo, akachimba shimo la kumfika kiunoni, kisha ukutani mwa shimo akakata kipande cha theluji kikasimama kama nguzo. Akalaza koleo juu yake akaanza kuligonga kwa vidole. Mara ya kwanza kimya. Mara ya nne au ya tano, tabaka la juu likateleza likaja zima zima, taratibu, kama ugali unavyotoka kwenye sufuria. Chini yake kulikuwa na theluji nyingine ya punje punje, kama chumvi ya mawe, haishikani na kitu. Akatuonyesha kwa mkono. Akasema upepo wa siku mbili umeibeba theluji kutoka ng'ambo ukaibandika hapa. Juu ngumu, chini hakuna kitu. "Leo hatuvuki," akasema. "Tunarudi tukanywe supu."

Faisal alinywea. Akanigeukia. "Kirimi, wewe ni mtu wa mlima. Wewe unasemaje?"

Hapo ndipo, Mwenda. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Neno moja tu! Lakini Zaza ananitazama, Faisal ananitazama, na barua zako zinanicheza kichwani. Nikafanya kile nilichokuona ukikifanya miaka yote kule juu. Nikaipiga theluji kwa kisigino. Ilikuwa ngumu kama saruji. Na si unajua kwetu theluji ngumu ndiyo ya kumshukuru Mungu? Si ndiyo tunayoiwahi alfajiri, tukiwaambia wageni wakaze mwendo kabla jua halijaifanya uji? Miaka minane nimesikia hivyo nikiwa nyuma na sufuria zangu. Basi nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Ni ngumu. Inabeba. Twende."

Zaza hakubishana. Alisema tu yeye hakanyagi pale, na kama tunaenda twende mmoja mmoja. Akapanda mwamba uliokuwa pembeni akasimama, akitutazama. Faisal akatangulia.

Mimi nilikuwa ukingoni nikingoja zamu yangu. Alipofika katikati nilisikia mlima ukiguna. Si ngurumo. Ni mguno, kama mtu mzito anapokaa kitandani. Mstari ukajichora juu yake, mwembamba kama uzi, ukakimbia kutoka huku mpaka kule. Halafu mteremko wote ukaondoka. Wote, ndugu yangu! Ulikatika vipande vikubwa kama milango, ukaenda naye, na vumbi jeupe likapanda likaniziba macho na mdomo. Nilimwita Yesu kwa Kimeru. Vumbi lilipotulia hapakuwa na mtu. Hapakuwa na alama hata moja kwamba kulikuwa na mtu pale. Na kimya! Watu husema poromoko la theluji ni kelele, lakini mimi kinachonitesa hadi leo ni kile kimya cha baadaye.

Kila mmoja wetu alikuwa amefunga kifuani kidude kinachotoa mlio, na ukikigeuza kinautafuta mlio wa mwenzako aliyefukiwa. Faisal alikuwa amenionyesha hotelini jinsi ya kukigeuza, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa nacho. Sasa nakibonyeza huku, nakibonyeza kule, hakuna kitu. Zaza akanipita mbio akinitukana kwa lugha yao, akaanza kuzunguka ameinama na chake, kinalia haraka haraka. Akachoma kwa fimbo ndefu, akanipungia, "Hapa! Chimba!" Koleo lilikuwa moja, na alikuwa nalo yeye. Mimi kwenye begi nilikuwa na sufuria, maana hata huko sikuacha kubeba sufuria ya chai. Nikachimba kwa sufuria. Ile theluji ikishasimama inajikaza, huwezi kuamini ndiyo hiyo iliyokuwa ikitiririka sasa hivi. Kucha mbili zilinitoka, sikuhisi. Nilikuwa nachota na kutupa, nachota na kutupa, nikisema Mungu wangu, Mungu wangu, nitamwambia nini mama yake. Tukaona kofia. Tukaona uso, rangi ya majivu, mdomo umejaa theluji. Nikaingiza vidole nikaichokoa. Alikaa vile vile, hapumui. Nikampiga kofi la shavu, mimi dereva wake. Akakohoa.

Nililia, Mwenda. Nilikaa chini nikalia mbele yao. Alikuwa amevunjika mfupa wa bega, basi, hakuna kingine. Zaza alipomaliza kumfunga mkono alinivuta kando akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokota: "Wewe ulimuua. Halafu ukamchimbua. Siku nyingine usifanye lile la kwanza."

Sasa ona mambo yalivyogeuka. Tuliporudi Riyadh, Baba alichinja kondoo wawili akaita wanaume wa ukoo mzima. Akanisimamisha katikati ya sebule yao, mimi niliyezoea kula getini, akasema huyu Mkenya amemtoa mwanangu ardhini kwa sufuria. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Faisal amekaa pale, mkono kwenye kitambaa, anatazama zulia. Hakusema ni nani aliyesema twende. Na mimi sikusema. Wakaniwekea nyama mbele yangu, nikatafuna, haikushuka.

Tangu siku hiyo sina amani. Hapa wakimaliza kula wanalikusanya lile karatasi la plastiki walilotandika sakafuni, wanalivuta na mifupa na wali vyote kwa mkupuo mmoja. Mlio ule wa kuvutwa unanirusha. Mara ya kwanza nilimwaga kahawa na watu wakacheka, nikacheka nao. Nikiwa barabarani, mchanga ukiteleza juu ya kioo cha gari, viganja vinanitoka jasho. Jua linawaka huko nje, nami natetemeka kwa baridi ambayo haipo.

Wiki iliyopita tukaja huku Jeddah, kwa nyanya yake Faisal. Madam alitangulia kwa ndege, Baba akabaki Riyadh na biashara yake, mimi na Faisal tukaja na gari, safari ya kutwa nzima. Ni humo njiani aliponiambia. Bega limepona. Amekata tiketi mbili, yake na yangu, za Jumapili hii. Ni kule kule Georgia, mlima mwingine mrefu zaidi, kabla msimu wa theluji haujaisha, na safari hii bila Zaza. "Zaza ni mwoga," akasema. "Baba amekubali kwa sababu yako. Amesema nikiwa na Kirimi atalala usingizi."

Gari lilianza kwenda upande, nikalirudisha. Niliendesha karibu saa nzima, kisha nikaingia kituo cha petroli, nikazima injini, nikamgeukia.

"Faisal, mimi si mtu wa mlima. Mimi ni mpishi. Zile barua ni za kaka yangu. Ile theluji sikuijua. Nilisema twende kwa sababu niliona aibu kusema sijui."

Unajua alifanya nini? Alicheka! Alicheka huku akifungua chupa ya maji. "Nilijua tangu siku ya lile fundo," akasema. "Nani hufunga mtu kama gunia?"

"Na kama ulijua, mbona uliniuliza mbele ya Zaza?"

"Kwa sababu wewe huwa husemi hapana. Baba anasema hapana. Mama anasema hapana. Zaza naye hapana. Wewe nikikuuliza kitu chochote unasema ndiyo, bosi. Siku ile nilihitaji mtu mmoja tu wa kusema ndiyo."

Nilishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Muda wote huo nadhani namdanganya yeye, kumbe yeye ananitumia kama muhuri! Nikamwambia basi leo nasema hapana, mimi siendi. Akaacha kucheka. Akasema ataenda peke yake, na atamwambia Baba kwamba tuko pamoja. Nikifungua mdomo, atamwambia kuhusu barua zako, na hapa karatasi za uongo si mchezo. Wala hakukasirika. Alisema kama mtu anayeagiza chai. Kisha akasema, "Yalla, tuondoke."

Siku mbili tatu sikujua nishike wapi. Nilimpigia Baba, maneno nimeyapanga vizuri. Kabla sijasema lolote akasema, "Kirimi, mwanangu, mlinde. Nimekuachia roho yangu," akakata simu, ana wageni. Nikafikiria niende tu. Ndiyo, nikuambie ukweli, nilifikiria niende. Nilijiambia akienda peke yake hakuna wa kumchimbua, mimi nikiwepo angalau nipo. Nilianza hata kukunja nguo za baridi. Halafu nikajiona mwenyewe pale ukingoni na kidude kifuani nisichojua kukigeuza. Tungefukiwa wote wawili, au ningemzika yeye. Na najijua, Mwenda. Akinigeukia kule juu akaniuliza unasemaje, nitasema ndiyo. Mdomo umeshazoea. Hilo linanitisha kuliko theluji yenyewe.

Jana nilimpeleka madam kwa fundi wake wa nguo. Alikuwa peke yake. Hapa dereva haanzishi mazungumzo na mama wa nyumba, unaweza kufukuzwa hata kwa kumtazama sana kwenye kioo. Nikakaza macho barabarani, nikasema kwa Kiarabu changu kibovu, "Madam, nina neno juu ya Faisal."

"Faisal ana nini?"

"Ile theluji. Kule alikozikwa."

Nikasikia, taratibu, "Alizikwa nani?"

Hakujua! Haki ya Mungu, hakujua. Ile sherehe yote ya kondoo ilikuwa upande wa wanaume, na sifa zangu zote zilisemwa huko. Upande wa wanawake waliambiwa ameteleza kwenye ngazi za hoteli. Miezi miwili nimemwendesha mama huyu, na hajui kwamba mwanawe alilala chini ya theluji bila pumzi. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikawasha indiketa zote mbili, nikamwambia. Nilimwambia yote, barua zako, shimo la Zaza, nani alisema twende, tiketi za Jumapili. Neno la Kiarabu likinikosa naonyesha kwa mikono hewani. Sikugeuka nyuma hata mara moja.

Aliuliza swali moja. "Alikaa chini muda gani?"

"Kama muda wa chai kuchemka, madam."

Nilimsikia akivuta pumzi, akaishikilia, ikatoka kwa kukatika katika. Nilingoja aniambie shuka, uende zako. Akasema, "Nirudishe nyumbani."

Tulipofika alipanda ngazi moja kwa moja, hata mkoba akausahau garini. Nilichokipata baadaye kutoka jikoni ni kwamba Faisal alikuwa ameenda msikitini, na madam akaingia chumbani kwa mwanawe, akafungua droo, akatoa pasi yake, akaifungia kwenye kile kisanduku cha chuma anachosafiri nacho. Halafu akampigia mumewe akamfokea mpaka nyumba nzima ikasikia. Baba anafika Alhamisi.

Sijui Alhamisi itakuwaje. Labda ni polisi. Labda ni ndege ya kurudi nyumbani na mikono mitupu. Labda atanitazama tu, na hilo nadhani ndilo litakaloniumiza zaidi, maana yule mzee aliniita mwanangu. Gari lolote likipiga honi getini roho inaniruka.

Halafu leo, nikiwa ndiyo nimeanza kukuandikia, mlango ukafunguliwa bila hodi. Chumba changu kiko hapa getini, kina kitanda, jiko la gesi na dirisha moja dogo. Faisal hajawahi kuingia. Nikasukuma karatasi chini ya mto nikasimama, nikajua amekuja kunipiga.

"Pasi yangu iko wapi?"

"Iko kwa madam. Kwenye kisanduku cha chuma."

"Umejuaje?"

"Na yangu iko humo."

Akakaa kitandani pangu. Macho yalikuwa mekundu. Akaanza kusema, sijui ananiambia mimi au anaiambia sakafu. Yeye ni mtu mzima, hajaiba, hajaua, mtu anawezaje kuichukua pasi ya mtu mzima akaifungia, halafu amwambie utaondoka nitakapotaka mimi? Haki iko wapi? Alisema hivyo hivyo, haki iko wapi. Mimi nimesimama tu, nimeegemea ukuta. Akakatika katikati ya maneno. Akainua uso akanitazama.

"Yako imekaa humo muda gani?"

"Ukitoa zile siku za Georgia," nikamwambia, "miaka miwili na miezi minne."

Akaangalia viatu vyake. Kisha akainuka akatoka, akaacha mlango wazi.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo, kaka. Bado naogopa. Lakini Jumapili ndege itaruka na viti viwili vitupu, na yeye atakuwa hapa amenuna, anabamiza milango, hataki kula. Sijawahi kufurahia kununa kwa mtu hivi. Sasa hivi namsikia huko juu anagombana na mama yake, na sauti yake ni nzima kabisa.

Nisamehe kwa barua zako. Ukiipata hii, Alhamisi itakuwa imepita, na pengine utakuwa umeshaniona nashuka pale steji na begi langu. Nikishuka, usiniulize mbele za watu. Nipe chakula kwanza.

Msalimie mama, umwambie naendesha gari tu na nimenenepa. Hizo zote ni kweli. Shemeji umwambie ahsante kwa kumtunza mama, na huyo mdogo mpya umbebe dakika moja kwa niaba yangu. Shangazi wa dukani asiifungue barua hii, na akiifungua, mwambie namsalimu pia. Mjomba mchungaji umwombe aniombee bila kutaja jina langu kanisani.

Na jambo moja, nakusihi. Siku mgeni akikusumbua kule juu, wewe umesema leo hapapandiki, naye akamgeukia mpishi wako amuulize yeye anasemaje, na mpishi akafungua mdomo aseme twende, usibishane naye. Mchape kofi hapo hapo mbele ya wageni, umwambie limetoka kwa Kirimi.

Ni mimi mdogo wako,
Kirimi